Baba Alivyotubu Dhambi ya Kuazima

Therese weee! Nimetoka mezani sasa hivi. Mama kamwaga siri ya baba!!

Songambele, mwaka 1987, kwenye ushirika wa walokole. Watu wanatubu hadharani. Baba, kijana mchunga ng'ombe, hana la kusema, akaazima toba aliyoisikia kwenye ushirika wa kule Nyabiyonza: "Ndugu, nilimpiga mke wangu."

Therese, HANA MKE!

Mzee mmoja akauliza, "Mke yupi, Anatory?"

Mke yupi!! Nimecheka mpaka nimepaliwa.

Baba akakiri: "Sina mke. Nakuja hapa kwa sababu nimechoka kula peke yangu."

Msichana mmoja, Pulkeria, akasimama: "Hii sasa ndiyo toba. Kesho njoo kwa baba yangu, tunapika ndizi."

Pulkeria ndiye mama!! Anasema tangu kesho yake baba hajala peke yake. Mwenyewe kainamia sahani, eti hajasikia.