Nimeitwa Mahojiano ya Kazi Nami Bado Niko Edani

Mpendwa mshauri Bi Alawiya, assalamu alaykum. Nisaidie kabla Jumanne haijafika, maana nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni mjane, naishi Magogoni kwa mavyaa wangu, mamake marehemu mume wangu, na eda yangu haijaisha. Mume wangu Sufyan alitoka asubuhi kwenda kazini Changamwe, akagongwa na lori akivuka barabara, akarudishwa nyumbani kuzikwa siku ile ile. Tangu hapo sijavuka kizingiti, sitii wanja, sijipaki manukato, na wallahi sioni uzito kwa hayo kwa sababu nampenda mpaka leo.

Sasa yaliyonifika ni haya. Kabla sijaolewa nilikuwa nikitayarisha hati za forodha kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini, na Sufyan alipokuwa hai alinihimiza nirudi kazini, nikaomba nafasi kwa kampuni mpya iliyofunguliwa huko Changamwe, kukawa kimya, na wiki iliyopita wakapiga simu, dada mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza kama naweza kufika Jumanne asubuhi kwa mahojiano, nami nikajibu naweza hata sijafikiri. Nilipomgusia mavyaa habari ya kazi, bila kutaja siku, aliacha nazi aliyokuwa akikuna akaniambia, "Mwanangu, wataka kutoka nawe uko edani? Tena kwenda Changamwe? Watu wasemeje, kwamba mwanangu ushamsahau?" Akaingia chumbani mwake akafunga mlango, na chakula cha mchana hakukigusa. Nami sitaki kumuumiza, hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja, lakini misaada ya jamaa imeanza kupungua na binti yangu Safa ataingia shule mwakani, na nafasi hii ikinipita sijui nyingine itatoka wapi.

Shoga yangu Nyevu, mwenye saluni hapa jirani, ndiye aliyenipa shauri. Nimwambie mavyaa nampeleka Safa kliniki, nipitie kwake nimwachie mtoto, anibadilishe nguo, anipambe, anitie rangi ya midomo na manukato, maana asema, "Ukienda na sura ya matanga watakuona nuksi." Na wakiniuliza habari za mume niseme yuko Omani kikazi. Ya kliniki nimeshamwambia mavyaa, akaitikia vizuri, akasema nimfunike mtoto asipigwe na upepo, na tangu hapo siwezi kumtazama usoni, na kila nikijizoeza majibu peke yangu nikifika pale pa "mume wangu yuko Omani" sauti inakatika. Niende ama niache?

Mjane, Magogoni

Mwanangu, pole sana. Mungu amrehemu Sufyan, awape nyote subira. Barua yako imeniliza na sioni haya kukwambia. Lakini kuna pahala umekosea, na hilo nalo nitakwambia.

Kwenda, nenda. Kabla ya kukujibu nilimuuliza ustadhi anayesomesha wanawake huku Kisauni, akaniambia mjane aliye edani ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake, na kutafuta riziki ni haja, mradi asijipambe na arudi kulala nyumbani mwake. Usinishike mimi, sikusomea dini. Muulize imamu wa msikiti wenu leo hii, tena muulize mbele ya mavyaa wako, asikie kwa masikio yake. Umeona sasa? Kutoka kwako si kosa, kosa ni hayo manukato ya Nyevu. Mlango uko wazi nawe wapanga kuruka ukuta.

Na hilo la Omani, astaghfirullah! Mtu umemzika, umemlilia, kisha umpeleke Omani kikazi? Wakikuajiri, Idi ikija wenzako watakuuliza mumeo arudi lini. Utajibu nini? Utaamka na uongo huo kila asubuhi, ulale nao. Nyevu akupenda, mshukuru kwa nia yake, lakini katika hili usimfuate.

Nije kwa mavyaa wako. Wadhani ni maneno ya watu yanayomtisha? Mwanawe alitoka asubuhi kwenda kazini Changamwe. Nawe wamwambia nini? Kazi, Changamwe. Mama huyo anaogopa, mwanangu, na hajui aliseme vipi, ndiyo maana anashika eda, anashika majirani. Nenda ukaketi naye. Mwambie ya kliniki ulimdanganya, umwombe radhi, na akikasirika umwache akasirike. Kisha mweleze utakwenda na nani na utarudi saa ngapi, na ukifika tu umpigie simu. Safa umwachie yeye.

Mahojiano yenyewe sasa, maana nayo hujayatayarisha, umetayarisha uongo tu. Mpigie yule dada mwenye sauti ya upole, mwambie umefiwa na mume, uko edani, na utakuja na buibui lako bila mapambo. Kama hilo litawakera, heri ulijue ukiwa kwako. Halafu mtafute mtu mliyefanya naye kazi zamani akueleze kilichobadilika katika mambo ya forodha, maana umekaa nyumbani muda na kazi hizo siku hizi zinapita kwenye kompyuta zaidi kuliko ulivyoziacha. Ulizia pia kampuni yenyewe yatoa mizigo ya namna gani. Wakikuuliza usilolijua, sema hulijui na uko tayari kujifunza. Vyeti viweke tayari Jumatatu mchana, usije ukavitafuta asubuhi ukiwa na wasiwasi.

Lazima watakuuliza kwa nini wataka kurudi kazini sasa. Jibu: "Mume wangu amefariki, nina mtoto, na kazi hii naiweza." Liseme kwa sauti nyumbani, mavyaa wako akusikie, mpaka likutoke lote. Na kama machozi yatakujia mbele yao, usiwaombe radhi. Yafute, unywe maji, kisha uwaambie wakuulize swali linalofuata.