Kinywa cha Mnadi

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Ukumbi wa Mnada.
14 Juni

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo? Shemeji naye, mgongo umemwachia? Sisi leo tu wazima, ila wiki iliyopita hatukuwa hivyo.

Kaka yako alikuwa ameanza kunyamaza. Redio mwenyewe, kama wanavyomwita mnadani, anayenadi makabati kutwa, na akirudi ananinadia sufuria zangu! Ghafla akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Chakula anakisukuma kando, chai anaingoja mpaka ipoe kabisa. Nikadhani ana lake moyoni juu yangu, nikanuna na mimi.

Asubuhi moja nikaona povu la mswaki wake lina damu. "Baba watoto, fungua mdomo huo, au nampigia dada yako." Akafungua. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na pembe za midomo zimechanika.

Tukaenda kliniki ileile ya figo. Daktari akaukwangua utando kwa kijiti, chini pakawa pekundu, panavuja damu. Akasema ni fangasi: dawa anazomeza ili mwili usiikatae figo uliyompa hupunguza kinga, na mara nyingi kinywa ndicho kinachotangulia kusema.

"Vidonge unameza vyote?"

Akatikisa kichwa. Wifi, kumbe alikuwa akiruka vya jioni, akidhani ndivyo vinavyomchoma mdomo!

Walimtoa damu, tukangoja majibu kwenye benchi. Akaninong'oneza, "Usimwambie dada. Atasema nimeitupa nyama ya mwili wake."

Figo ni nzima. Tumewahi, daktari alisema, ila asirudie. Amepewa dawa ya fangasi, na damu itapimwa mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo hugombana na zile nyingine. Utando unaondoka. Jana amenadi meza moja mpaka watu wakacheka.

Nimeona nisikufiche, maana figo hiyo ni yako pia. Tafadhali usimgombeze.

Tukiwa tunaaga, alimuuliza daktari swali moja tu: aliyetoa figo apimwe kila baada ya muda gani? Akajibiwa, kila mwaka. Akanigeukia. Basi tuambie, Wifi: wewe umepima lini?

Mama anakusalimu sana, na watoto wanamwamkia shangazi yao. Mungu akulinde wewe na hiyo moja uliyobaki nayo.

Wako akupendaye,
Wifi yako, mke wa Redio