Kamba Uliyoninyima, Baba Kabula

Mume wangu, Baba Kabula,

Najua hukupenda barua. Ulikuwa unasema mwenye neno apige simu, na kama hana salio anyamaze. Sasa huko uliko hakuna mtandao, kwa hiyo utanivumilia. Ninaandika nikiwa hapa kibandani Bugarama, chapati zimeisha, na wateja wangu wachimbaji wamerudi kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu. Nina jambo la kuungama kwako. Jumamosi iliyopita nilishika kamba.

Unakumbuka yalivyoanza mwaka jana. Mwalimu Joel, yule kijana anayemfundisha Kabula, alikuja na kamba, mikanda na kofia ngumu, akasema atawapandisha watoto kwenye majabali yaliyo nyuma ya mashamba ya pamba. Sharti lake lilikuwa moja: kila mtoto aje na wazazi wake, na mzazi ndiye ashike kamba. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema wewe umekulia juu ya mawe hayo hayo ukichunga ng'ombe, peku, na hakuna aliyewahi kukufunga kamba. Lakini siku ilipofika uliamka kabla yetu sote, ukanyoa ndevu, ukavaa lile shati la kanisani. Nikakuuliza kama tunakwenda harusini. Ulikuwa umeshashika njia.

Kule jabalini ulinifurahisha, nisikufiche. Mwalimu alieleza kwamba kamba inaanzia kwenye mkanda wa mtoto, inapanda hadi kwenye pete iliyofungwa juu, halafu inateremka mpaka mikononi mwa mzazi. Wewe uliipapasa yote kutoka mwanzo hadi mwisho, ukalifungua fundo moja na kulifunga upya, na Mwalimu akakuangalia tu. Nilikuwa nimeishi na mchimbaji miaka tisa bila kumwona kazini hata mara moja. Si mnatuambia mwanamke akisogelea mdomo wa duara dhahabu inahama? Chai yako nilikuwa naiacha kwenye turubai, nakuita kwa mbali, nageuza. Siku ile ndiyo kwanza nikaona mikono yako inajua nini.

Kabula alipanda vizuri mpaka kwenye ule ufa wa katikati, akaangalia chini. Miaka saba, Baba Kabula. Akaishika kamba akaivuta mara mbili, kukuonyesha kwamba anataka kushuka. Na wewe ukamvuta juu. Ulivuta kwa nguvu zako zote, mkono juu ya mkono, na mtoto akaburuzwa kwenye jiwe, goti likachunika, huku analia, "Baba, hapana!" Mwalimu alikuwa anamfunga mkanda mtoto mwingine, akaja mbio. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikanyoosha mkono nikuzuie. Ukanisukuma kwa bega.

"Usiguse kamba, Mama Kabula."

Wazazi wote walisikia. Aibu niliyoipata siku ile ilinikaa kifuani wiki nzima. Tulirudi nyumbani wewe mbele, mimi nyuma, na Kabula katikati akichechemea, kila mtu na yake.

Jioni ile ulimwosha goti mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, ukamwita mayu, yaani mama, kama ulivyozoea kumwita ukitaka akusamehe. Mimi nilikuwa napepeta mchele na sikutaka hata kukutazama. Ndipo uliposema, bila mtu kukuuliza, kwamba kule chini mtu akivuta kamba mara mbili maana yake hewa imemwishia. Ukasema, "Huulizi. Unavuta." Halafu ukanitajia mwenzako wa duara la zamani kule Geita, ambaye wewe na wenzako mlianza kwanza kumwita na kumuuliza ana shida gani, mkachelewa. Jina lake sikuwahi kulisikia kabla, na hukulirudia tena. Nilitaka kuacha kukukasirikia, nikashindwa. Nilikuelewa juu ya kuvuta. Kuhusu lile bega sikukuelewa, na wewe hukulisemea neno.

Masika ilipokuja, kifua chako kikakuangusha. Vumbi la mawe, alisema daktari, na sisi tulikuwa tumejua siku nyingi. Uliugua kwa kiburi. Ulikataa nikubebee ndoo, ukakataa nikushike mkono kwenda chooni, mpaka ikafika siku ambayo hukuweza kukataa. Ndipo nikawa nakuinua mimi, nakaa nyuma yako kitandani, mgongo wako kifuani kwangu, ili upate pumzi kidogo. Nilikushika wiki tatu. Wewe, uliyewatoa watu ardhini, ulikuwa mwepesi kuliko debe la mahindi. Hewa ilipokuisha nilikuwa nimekushika, mume wangu, na sikuwa na pa kukuvutia. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Kwa hiyo Mwalimu Joel alipotangaza tena kupanda, na Kabula akasema anakwenda, na mama ndiye atakayemshikia kamba, nilimwambia hapana. Nikasingizia biashara. Akakataa chakula cha mchana, akakaa mlangoni amevaa viatu. Huyo ni wewe mtupu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Mtu mmoja ameshaniponyoka mikononi, nitamshikaje mwingine? Na sauti yako nayo ilikuwa inanizuia, nisiguse kamba, nisiguse, kana kwamba umesimama pale pale.

Nilikwenda. Mwalimu alinifunga mkanda, akasimama nyuma yangu ameshika mwisho wa kamba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kabula alipofika kwenye ule ufa alisimama. Mimi jasho linanichuruzika, lakini nikauliza kama anapanda au anashuka.

"Sijui," akasema. "Nataka kupumzika."

Nikamwambia aachie jiwe, akae. Akaachia. Uzito wake wote ukaja mikononi mwangu, nikayumba hatua moja, nikasimama. Alikaa pale angani anabembea, akaanza kunisimulia anachokiona: paa la shule, ng'ombe wa watu, vifusi vya machimboni. Nililia, Baba Kabula. Nililia na kamba sikuiachia. Kumbe huu ndio uzito uliokuwa unakwenda nao kazini kila asubuhi, na unarudi nyumbani unaomba ugali, husemi kitu.

Hakufika juu. Alisema amechoka, nikamshusha polepole mpaka miguu ikagusa chini. Akafungua kofia, akauliza kama wewe ungekasirika kwamba nimeshika kamba. Nikamwambia ndiyo, ungekasirika sana, halafu ungezoea.

Mimi sina kinyongo tena na lile bega. Nimekaa nalo mwaka mzima, nimelichoka. Lala, pumzisha kifua chako. Kasirika unavyotaka, mume wangu. Jumamosi hii naishika tena.

Ni mimi mkeo,
Mama Kabula