Miwani Mezani kwa Mshauri

Jumanne, 4 Machi

Nimekimbia. Mtu mzima na akili zangu—nimekimbia!

Mara tatu za kwanza kwa mshauri nasaha zilikuwa nyepesi. Usingizi, kazi, mume aliyehama. Leo kaniuliza: siku ile uliyompiga binti yako, mkononi ulishika nini? Nikavua miwani nifute machozi, nikasema naenda chooni, nikapitiliza mpaka barabarani. Nafika nyumbani ndio najua—miwani imebaki mezani kwake.

Fundi cherehani bila miwani. Haya sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Dakika ishirini! Nikamwomba muuza viatu wa mlango wa pili. Akatunga mara moja, akacheka: fundi, uzee umebisha hodi? Nikacheka naye. Heri aibu hiyo kuliko ile nyingine.

Mshauri kapiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa dada kumwona mtoto. Mwezi wa pili huu anakaa huko. Dada alisema tangu mwanzo, bila kuficha: atarudi kwako ukishapona, si ukishalia.

Amekua—gauni nililomshonea limempanda magotini. Akanikumbatia kwa ubavu, kama mgeni. Akauliza, mama, umeenda kwa yule mama wa kuongea? Nimeenda. Uliongea? Sana. Dada akauliza miwani iko wapi. Imevunjika, nikasema, nimeipeleka kutengenezwa.

Uongo juu ya uongo, mbele ya mtoto wa miaka saba. Na siku ile nilimpiga kwa nini? Alikata kitambaa cha mteja, nikamuuliza nani kakata, akasema panya. Nilimpiga kwa sababu kasema uongo. Mimi!

Jumanne, 11 Machi

Siku ya mshauri. Nilioga, nikapiga pasi kitambaa cha kichwa, nikafika hadi getini. Nikageuka. Saa nzima sokoni naulizia bei za vifungo nisivyovihitaji.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inaanzia kwenye geti lile na kuishia sokoni.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu mkuu karudisha sare sita. Kola zimekwenda upande. Hakugomba—bora angegomba. Kauliza tu, fundi, unaumwa?

Tangu siku ile napima kwa futi kamba peke yake. Rula ya mbao iko chini ya kitanda, sijaigusa. Ndiyo, nilichoshika siku ile ni rula. Alama yake ilikaa siku nne mgongoni kwa mwanangu. Hapa nimeiandika. Kuitamka ndio sina mdomo.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda. Kwa ajili ya miwani, si kingine—nilimwambia hivyo pale mlangoni, hata salamu sikumaliza. Ilikuwa kwenye droo, kaifunga kwa kitambaa safi. Akanipa. Hakuuliza nilikuwa wapi. Akasema: siku ile nilikuharakisha mama, niwie radhi.

Yeye aniombe radhi mimi! Nikalia nimesimama, kamasi na kila kitu.

Akasema maongezi yakinizidi si lazima nikimbie. Niinue mkono, tunanyamaza. Au tuongelee mishono mpaka pumzi irudi. Hata dakika kumi zinatosha kwa leo. Nikainua mkono kabla sijakaa. Akacheka, nikajikuta nacheka. Haya, nenda kakae benchi la nje, akasema, mlango nauacha wazi.

Ndipo nilipo. Naandikia gotini. Miwani nimevaa, naona hadi vumbi la kiatu changu. Muda wangu wa leo bado umebaki nusu saa. Nimechana karatasi ya daftari hili, nimeandika neno moja kwa herufi kubwa: RULA. Mdomo ukikataa, nitampa karatasi.

Simu inaita. Namba ni ya dada, lakini saa hizi mtoto katoka shule—ni yeye. Najua atakachouliza. Nikisema bado niko benchini, atamwambia mama yake mkubwa, na kurudi kwake kutasogea mbele. Nikisema nimeingia, ni panya yule yule.

Bado inaita.