Ufa kwenye kioo cha Peugeot

Valens, acha unachofanya, soma hii.

Unakumbuka ile Peugeot ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande? Nimeipaka rangi mpaka ikawa gari yenyewe ya mdogo wangu Védaste, ile aliyopotea nayo wakati wa vita, mwaka wa 96. Nikaweka na ile taa moja aliyoitengeneza kwa kopo ya maziwa.

Leo nimemwonyesha Papa Niyigena, mzee wa Kamembe tunayejenga naye hizi gari. Muntu anayenipa gundi yake miaka miwili!

Akaigeuza mkononi, akacheka. "Hii naijua kwa taa yake! Ila umesahau ufa, Mzee. Kioo ya mbele ilipasuka upande wa chauffeur."

Ufa, Valens! Weye ulikuwa nasi Bukavu siku tunamuaga. Kioo kilikuwa kizima, Védaste alikipangusa mbele yetu. Na Niyigena sikuwahi kumwambia gari ni ya nani.

Nikamuuliza aliiona wapi. Akasema kama anaongea habari ya mvua: "Njia ya Kamanyola. Tuliichukua. Ilitutumikia vizuri."

"Na mwenyewe?"

"Nani anakumbuka?"

Halafu akaomba pinceau yangu ya rangi achore ule ufa. Achore ufa! Kwa mkono ule ule!

Nimenyakua gari, nimetoka bila kuaga. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa essence ya gari, na bado nasugua mikono.

Maana gari yote, Valens, toka magurudumu mpaka kwenye kioo, imeshikwa na gundi yake.