Wageni kutoka Mudaka hawakunywa

Bukavu, Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu saa saba mchana na bado inagonga mabati. Miguu yangu imevimba. Asubuhi tulikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, mtaa mzima na majembe, tukizibua mtaro ambao utaziba tena Jumatatu, halafu nikarudi mbio kupikia wageni. Nimechoka uchovu ule ambao usingizi hauumalizi, lakini sitaki kulala kabla sijaandika.

Leo walikuja watu wa Mudaka kumposa Faida.

Faida ni binti yangu wa pekee. Ana miaka ishirini, anafundisha darasa la kwanza hapa Ibanda, na Murhula, kijana anayempenda, ni karani katika ofisi moja karibu na shule. Wamengojana miaka miwili. Baba yake Faida alishafariki, kwa hiyo upande wetu tulikuwa mimi na kaka yangu mkubwa, aliyekuja kusema yale ambayo mwanamke hapewi nafasi ya kuyasema. Upande wao walikuwa wanne: Murhula, baba yake mdogo anayeitwa Papa Cirhuza, shangazi mmoja mkimya, na bibi yake, mzee sana, aliyeteremshwa kwenye camionnette, gari dogo la mizigo, akiwa amefunikwa blanketi.

Kwetu huku anayekaribisha kinywaji huonja kwanza. Watu wanaogopa sumu kuliko radi, na mwenye nyumba akionja mbele ya macho yako, unakunywa moyo umetulia. Basi nilichukua kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi niliyoiagiza tangu Jumatano, nikaonja, nikafuta ukingo, nikampa Papa Cirhuza kwa mikono miwili.

Alikipokea. Akakitazama kidole gumba changu. Akakiweka kibuyu chini.

Nikadhani anangoja sala. Kaka yangu akasali, kibuyu kikabaki pale pale. Papa Cirhuza akasema tumbo linamsumbua tangu asubuhi. Shangazi akasema na lake pia. Murhula alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo bibi akatoa mkono ndani ya blanketi akaninyooshea kidole.

"Ni huyu. Nilimuonaka na macho yangu, pale ku mission, juu ya nguo nyeupe. Aliuwaka mama-mukwe wake."

Sikuwa nimeiwaza ile filamu kwa muda mrefu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijaolewa bado, Wabelgiji wangali hapa. Mapadri walikuwa wanapiga filamu uani kwa mission ili kutufundisha tabia njema, na mimi, mwimbaji wa kwaya, nikapewa kuwa mke mbaya anayemchoka mama mkwe wake hadi kumpa sumu. Padri mwenye kamera alitaka nimwage unga kutoka kwenye karatasi, ili hata wa nyuma kabisa waone. Nikamwambia hapana, hakuna mwanamke wa kwetu anayeua hivyo. Nikamwonyesha: unaonja, unatabasamu, halafu unapofuta ukingo unaacha kidole gumba kiguse pombe, na sumu iko chini ya ukucha. Padri alicheka kwa furaha, akasogeza kamera mpaka karibu na mkono wangu. Chini ya ukucha ulikuwa unga wa muhogo.

Filamu haikuwa na sauti. Gari lilizunguka vijijini na shuka jeupe, na mwanamume mmoja mwenye mikrofoni alitusemea sote: mimi, mama mkwe, hata mbuzi. Mimi alinisemea kwa kubana pua.

Baada ya hapo nimesimama jukwaani zaidi ya miaka ishirini. Nimekuwa mama wa mfalme, nimekuwa mjane, nimekuwa mama wa askari asiyerudi. Tumecheza Uvira, tumecheza mpaka Shabunda, tulikofika kwa ndege ndogo na nguo zetu kwenye magunia ya mchele, na wachimba dhahabu wakalia machozi. Katika filamu nyingine mbili nilipita na mtungi kichwani. Serikali ilipotuambia tuache majina tuliyobatizwa na mapadri, niliondoa Vénérande kwenye mabango nikaandika Nabintu, na sikusikia mtu hata mmoja akiuliza Vénérande amekwenda wapi. Kumbe kule Mudaka nilikuwa bado naishi, mimi na ukucha wangu.

Bibi akaendelea kusema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba tangu siku ile nyumbani kwao bibi harusi anakatwa kucha kabla hajagusa kinywaji cha mtu.

Hapa ndipo niseme ukweli, maana daftari hili halina mwingine wa kulisoma. Yule mzee alikuwa ameirudisha mikono yote miwili ndani ya blanketi. Amebeba woga ule miaka yote hii, na mimi ndiye niliyempa, bila sauti, kwa kidole kimoja. Kabla sijaogopa, kabla sijamfikiria mwanangu, kuna kitu kilinipanda kifuani.

Nilifurahi.

Ilikuwa mara moja tu, kisha nikaona uso wa Faida na furaha ikakatika. Kaka yangu akaanza kueleza kwamba filamu ni mchezo. Alieleza vizuri, kwa maneno ya ofisini, na kila alivyoeleza ndivyo shangazi alivyozidi kukusanya kitambaa chake ili aondoke. Papa Cirhuza alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, ndipo akajibu.

"Tunasikia, papa. Lakini mutu hawezi kufanya vile kama hajue."

Na ni kweli, nilijua. Sote tuliokulia huku tunajua, tumeambiwa tangu utoto tuchunge nini. Nikasema basi niwaonyeshe jinsi tulivyofanya na ule unga. Nikashika kibuyu, nikaonja, nikatabasamu, na mkono wenyewe ukaenda kama siku ile. Shangazi akasogeza kiti nyuma. Ningeweza kufanya vibaya. Ningeweza kufanya kizembe, ovyo, kama mtu asiyejua kuigiza, na labda wangecheka. Sikufanya hivyo, na hata sasa sijui kama nilishindwa au nilikataa.

Faida akasimama, akachukua mwavuli, akatoka. Nilidhani amekwenda kulia kwa jirani. Sisi tukabaki tunazungumzia bei ya maharage na matope ya barabara ya Kabare. Camionnette yao ilikuwa irudi saa kumi, na mimi nilikuwa nahesabu dakika nikijua kwamba wakiondoka bila kunywa, posa imekufa. Ukikataa kinywaji cha nyumba, umekataa nyumba.

Ilipokaribia saa kumi, Faida akaingia ameloa mpaka kiunoni. Nyuma yake alikuwa Nsimire.

Nsimire ndiye aliyekuwa mama mkwe katika filamu. Alinizidi miaka sita tu, wakampaka majivu kwenye nywele ili azeeke. Hakuigiza tena baada ya hapo. Anauza sambaza katika soko la Kadutu, na mtoto wangu alipanda mlima wote ule kwenye mvua kumtafuta katikati ya meza za samaki. Alikuja na aproni yake, ananuka ziwa. Bibi akamshika kifundo cha mkono, akakiminya, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwamba alimwona akizikwa.

"Nilikufaka asubuhi moja tu, maman," Nsimire akasema. "Saa sita nikaamuka, nikakula bugali na huyu huyu."

Akainama, akaokota kibuyu kile ambacho wageni hawakukinywa tangu saa nane, akanywa chote bila kupumua. Akaomba kingine. Tukamtazama, hata mimi nilimtazama, na hakufa. Bibi akaanza kucheka taratibu ndani ya blanketi mpaka akakohoa. Halafu akanyoosha mkono apewe, na Nsimire akampa, si mimi.

Wamekunywa. Wamekubali. Harusi itakuwa baada ya mavuno.

Lakini Papa Cirhuza aliniita pembeni kabla hawajapanda gari. Ni mtu mwema, sina kinyongo naye. Alisema siku ya harusi Mudaka nzima itashuka, na wengi waliiona ile filamu, na Nsimire hawezi kunywa kwa niaba ya watu wote. Akaniomba nisiguse kinywaji wala chakula. Wifi yangu amimine. Mimi nikae mbele, wageni waweze kuniona muda wote. "Mikono juu ya magoti, maman, tafazali."

Kikombe cha kwanza cha mkwe humiminwa na mama wa bibi harusi. Nimekingoja tangu Faida yuko mgongoni. Nikasema ndiyo.

Sasa hivi, tukiosha vyombo, nilimshukuru Faida kwa akili yake. Aliendelea kusugua sufuria. Kisha akaniambia, bila kugeuka:

"Maman, nilikuona. Mie nilikuwa naogopa, na weye ulikuwa unafurahi."

Nikaendelea kufuta sahani. Nimedanganya kumbi nzima za watu kwa uso huu, na mtoto wangu mwenyewe sikuweza kumdanganya kwa sekunde moja. Amekwenda kulala. Nguo zake zinadondosha maji kwenye kiti alichokalia bibi.

Nitafanya walivyoniomba. Nitakaa mbele, mikono juu ya magoti, tangu wa kwanza afike mpaka wa mwisho aondoke. Watu wote wa Mudaka watakuwa wananitazama mimi badala ya mwanangu, nami namwomba Mungu, siku hiyo moja, nisipende kutazamwa.