Bonjour ya mama mkwe

Maëlle, upo? Nimetoka dukani kwa Odile sasa hivi.

Nimeingia kununua mkate, duka limejaa watu. Yule ni mama mkwe wangu, kwa hiyo nikajiona mtu wa nyumbani, sikuanza na salamu. Nikamwambia tu, "Mama, nipe mikate miwili, mwanao Tanguy ananisubiri garini."

Akanitazama. "Bonjour."

Nikadhani ananitania, nikacheka. "Miwili, mama, iliyoiva vizuri."

"Bonjour." Sauti ile ile, kama hajawahi kuniona.

Wenzake hulitumia hilo neno kusalimia. Odile hulitumia kumzaba mtu kofi.

Akamhudumia mzee Kerbrat aliyekuwa nyuma yangu, huku akimwambia, "Hata mbwa wako anajua kuingia dukani kwa watu." Foleni nzima ikacheka, Maëlle. Foleni nzima.

Nikameza hasira, nikasema bonjour. Unajua kanijibu nini? "Mkate umekwisha." Na rafu nyuma yake imejaa pomoni.

Sawa. Jumapili anakuja kula kwangu, kama kawaida yake. Nitafungua mlango, nimwambie bonjour, kisha nisimame hapo hapo kizingitini. Kila akitaka kupita, bonjour. Mpaka nyama ipoe.